Kolajeni, biotini, retinoli na mafuta ya kukinga jua: kipi kimeifaa ngozi yangu ya miaka 57

Kopo la kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, ndilo mnaloniuliza kuliko vyote, basi nianze nalo. Lilinigharimu Sh 110,000, ukijumlisha na hela ya kulisafirisha kwa basi kutoka Kariakoo mpaka Moshi. Ndani kuna unga mweupe, laini. Ukiwa mkavu haunuki chochote, lakini ukiukoroga kwenye uji wa moto unatoa kwa mbali harufu ya kwato zilizochemshwa. Kijiko cha plastiki kilichomo kinabeba gramu 10, na maelekezo yanasema kijiko kimoja kila siku. Nililitumia mpaka likaisha, nikaagiza jingine, nalo likaisha. Kucha zangu zimeacha kukatika ovyo. Usoni sijaona mabadiliko ya kulipiwa hela hiyo.

Mjue na anayeandika. Nimekuwa afisa ugani karibu maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, upande wa Chekereni na Mabogini. Aliyefanya kazi kwenye majaruba analijua jua la kule: linakupiga kutoka juu, halafu linakurudia kutoka kwenye maji. Kofia inazuia la juu tu. Nilistaafu kwa hiari nikiwa na mashavu ya rangi mbili, shingo iliyokauka, na migongo ya mikono iliyozeeka kuliko uso.

Sisi watu wa kilimo tumefundishwa kwamba ukitaka kujua kama mbolea inafanya kazi, uache kipande usichokiwekea kitu, vinginevyo utaisifia mbolea kwa kazi ya mvua. Vipodozi vyangu nimevipima hivyo hivyo. Mkono wa kushoto ndio uliopakwa, wa kulia ukaachwa, na binti yangu akawa anaipiga picha yote miwili pamoja, barazani, asubuhi, mwanga ukiwa uleule. Kilichofaulu mkononi ndicho kilichoruhusiwa kupanda usoni.

Shida ya kitu cha kumeza ni kwamba hakina kipande cha kulinganishia. Unga ule ukishaunywa umeenda mwili mzima, na kama wiki hiyo ulilala vizuri au ulikula mapera mengi, huwezi kutenganisha. Kolajeni ni protini kama protini nyingine. Tumbo linaivunja kuwa vipande vidogo na asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, damu inabeba, na mwili ndio unaoamua pa kuvipeleka. Wewe huna namna ya kuviagiza viende shavuni. Yapo majaribio yaliyoonyesha ngozi ikipata unyevu na mvutano kidogo baada ya wiki kadhaa, lakini mengi yamelipiwa na wanaouza, na yale ambayo hayakulipiwa nao matokeo yake ni hafifu. Isitoshe, kolajeni haina kabisa triptofani, asidi amino ambayo mwili lazima uipate kwenye chakula, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya yai wala maharage. Kwa bei ya kopo lile napata trei kumi za mayai hapa Moshi, na chenji ya mapera inabaki. Pera lina vitamini C kuliko chungwa, tena kwa mbali, na bila vitamini C mwili hauwezi kujenga kolajeni yake wenyewe.

Sisemi kwamba kinachotupata ni mawazo tu. Hedhi ikishakoma, mwanamke anaweza kupoteza kama asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi katika miaka mitano ya mwanzo. Ndiyo maana wengi wetu tunajitazama kwenye kioo tukiwa na miaka 55 tunaona mtu mwingine. Hasara hiyo ni ya kweli. Ninachobishia ni dawa yake kuwa kopo.

Kijana aliyeniuzia alinisalimia vizuri, shikamoo mama, karibu mama, kisha akaniambia, "Hii ukinywa miezi mitatu, watu watakuita dada." Nikamuuliza imetokana na mnyama gani. Akaligeuza kopo, akasoma, akaligeuza tena, akaenda kumuuliza mwenzake. Majirani zangu ni Waislamu na Wasabato, nao swali hilo kwao ni kubwa: kolajeni inatoka kwa ng'ombe, samaki, kuku au nguruwe. Kama kopo halisemi, liache dukani.

Sasa niseme jambo ambalo matangazo hayalisemi, maana hayakuandikwa yakitufikiria sisi. Karibu kila kopo na kila tyubu inaahidi kuondoa makunyanzi. Ngozi nyeusi ina melanini (rangi ya asili ya ngozi) nyingi inayoikinga kwa kiasi, kwa hiyo makunyanzi kwetu huchelewa. Mama yangu amepita miaka 80 na paji lake la uso limenyooka. Kinachotuzeesha sisi mapema ni madoa, rangi kutokuwa sawa, ukavu, na vile vidutu vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na shingoni. Mwanamke Mwafrika anayenunua krimu kwa kuangalia picha ya makunyanzi ya Mzungu anatibiwa ugonjwa wa mwingine. Kwa hiyo hapa chini nikisema kitu kimefaulu, nimekiuliza kwanza kuhusu madoa, pili kuhusu ukavu, makunyanzi mwisho.

Vidonge vya biotini, aina ya vitamini B, vinauzwa kama vya "nywele, ngozi na kucha", na nimeviona mpaka kwenye maduka ya vipodozi karibu na stendi. Kidonge kimoja kina maikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 tu kwa siku, na mayai, karanga na maini yanakupa. Ngozi yangu haikuhisi chochote. Na hapa nawaomba msome polepole: biotini nyingi inavuruga vipimo vya damu. Mdogo wangu alipima tezi ya shingo, majibu yakaonyesha imepanda. Alikuwa karibu kuanzishiwa dawa, daktari mmoja mzee akamuuliza kama anameza vidonge vya nywele. Aliviacha, akarudia kipimo, majibu yakawa ya kawaida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017, na lilihusu pia kipimo kinachotumika kugundua shambulio la moyo, ambacho biotini inaweza kukifanya kionyeshe nafuu isiyokuwepo. Kama unavimeza, mwambie daktari kabla hajakutoa damu.

Seramu ya vitamini C. Ilikuja kwenye chupa ya kahawia yenye kifuniko cha kudondoshea matone, Sh 45,000. Wiki za mwanzo ilikuwa maji matupu, ikichoma kidogo ukiipaka. Baadaye ikaanza kuwa njano, mwisho kahawia kabisa. Vitamini C ya aina hii inaharibika kwa hewa, mwanga na joto, na chumba changu mwezi wa pili ni joto. Ikishakuwa kahawia imekwisha nguvu, haijalishi chupa imejaa kiasi gani. Mkono wa kushoto uling'aa kidogo kabla haijageuka, hilo lilionekana kwenye picha. Mwenye friji anunue chupa ndogo kabisa na aiweke humo. Asiye na friji asinunue.

Retinoli ndiyo iliyonishangaza. Ni jamii ya vitamini A, na ndiyo yenye ushahidi mrefu kuliko kitu kingine chochote cha kupaka usiku. Hadithi yake inaanzia kwenye chunusi. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwa akitibu chunusi kwa tretinoini, na wagonjwa wake wenye umri mkubwa wakawa wanamwambia nyuso zao zimelainika. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya tretinoini kwa ngozi iliyozeeshwa na jua, na mpaka leo hakuna aliyeing'oa. Tretinoini ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Retinoli ni ndugu yake mpole: ikifika kwenye ngozi inageuzwa hatua kwa hatua mpaka kuwa kitu kilekile, kwa hiyo inachukua muda zaidi na haiiudhi ngozi sana. Kazi yake ni kuharakisha ngozi kujibadilisha na kuichochea ijenge kolajeni palepale inapotakiwa, ndani ya ngozi. Hela ya kopo la unga ingefaa iende huku.

Nilinunua ya asilimia 0.2, ya mafuta, Sh 38,000. Nilipaka mgongo wa mkono wa kushoto usiku, mara mbili kwa wiki, mchana mikono yote miwili ikipata mafuta ya jua. Mwezi wa kwanza hakuna kitu, zaidi ya maganda madogo kwenye vifundo vya vidole. Ilipofika mwezi wa tatu binti yangu aliziweka picha pamoja kwenye simu akaniita niangalie. Doa lililokuwa chini ya kidole cha shahada lilikuwa limefifia kingo zake, na ngozi ya kushoto ilikuwa imekaza. Ukiivuta na kuiachia ilirudi upesi kuliko ya kulia. Hapo ndipo ilipopandishwa usoni.

Lakini ngozi yetu ina masharti yake. Mwenye ngozi nyeupe akiunguzwa na retinoli anakuwa mwekundu, wiki inayofuata amepona. Sisi tukiunguzwa tunabaki na doa jeusi pale palipoungua, na doa hilo linaweza kukaa miezi. Yaani unanunua dawa ya madoa unajiongezea madoa. Kwa hiyo anza na usiku mmoja au miwili kwa wiki. Osha uso, ukaushe kabisa, subiri kama dakika 20, tia kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, epuka kope na pembe za mdomo, halafu paka krimu yako ya kawaida juu. Ikichoma, punguza siku. Usifuate mabinti wa mtandaoni wanaoanza na asilimia 1 kila usiku. Na kama una mimba, unanyonyesha au unatafuta mtoto, usiiguse. Hilo liko wazi kwa jamii yote ya vitamini A ya kupaka. Vidonge vya vitamini A navyo si mbadala wake: vikizidi vinaumiza ini.

Nimefika kwenye mafuta ya jua, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo yaliyonirudishia uso wangu na ndiyo ambayo akina mama wenzangu wanayakataa. "Hayo ni ya Wazungu na ya wenye ualbino," wananiambia. Kinga ya asili ya ngozi nyeusi ipo, ila haitoshi. Makadirio yanayotajwa zaidi ni SPF (namba ya kiwango cha kinga ya jua) kama 13 kwa ngozi nyeusi sana, na sisi tunaishi nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, ambako kipimo cha mionzi ya jua saa sita mchana hupita 11 mara kwa mara, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia. Kule Queensland, Australia, watafiti waliwafuata watu wazima kwa miaka minne na nusu. Waliopaka mafuta ya jua kila siku ngozi yao ilionyesha kuzeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walipojisikia. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Washiriki hawakuwa Waafrika, nalijua hilo, lakini hakuna kopo la kolajeni lenye jaribio la namna hiyo nyuma yake.

Namba ya SPF inahusu mionzi inayounguza. Ile inayozeesha, UVA, inapita hata kwenye kioo cha daladala na dirisha la ofisi, kwa hiyo tafuta tyubu yenye herufi UVA ndani ya duara au alama za PA zenye misalaba (+) mingi. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na 50 kama 98, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa ajili ya namba kubwa. Lipa kwa ajili ya wingi. Kiasi kinachotakiwa kwa uso na shingo ni mistari miwili, ukikamua kwenye kidole cha shahada na cha kati, urefu wote. Ukipaka hivyo, tyubu ya mililita 50 haifiki miezi miwili. Kama yako imekaa tangu Pasaka, unapaka harufu tu.

Nimejaribu aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya zinki, nzuri kwa ngozi nyepesi kuudhika, lakini ilinigeuza rangi ya majivu, na jasho likitoka inajikusanya kwenye mikunjo ya shingo kama mistari myeupe. Niliivaa kanisani, mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni aniulize kama naumwa. Niliiacha. Ya pili haina weupe wowote, inayeyuka, inabaki na mng'ao kidogo. Hii naitumia mpaka leo, Sh 42,000. Ya tatu ilikuwa na rangi, na rangi yake inatokana na oksidi ya chuma, na hapo nikajifunza kitu cha maana kuliko vyote nilivyosoma.

Madoa ya ngozi nyeusi hayachochewi na mionzi isiyoonekana peke yake. Mwanga wa kawaida wa jua, huu tunaouona kwa macho, nao unaiamsha ngozi yetu itengeneze weusi, na mafuta ya jua yasiyo na rangi hayauzuii mwanga huo vya kutosha. Oksidi ya chuma inauzuia. Ndiyo sababu mtu anapaka SPF 50 kwa uaminifu mwaka mzima na mashavu yake bado ni ya rangi mbili. Tatizo ni kwamba mafuta ya jua yenye rangi niliyopata yalitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Juu yangu yalikuwa ya machungwa. Mfamasia mmoja, binti mdogo mwenye subira, ndiye aliyenipa njia: paka ya pili, isiyo na rangi, kiasi kamili, iache ikauke, kisha paka fondesheni inayolingana na rangi yako. Fondesheni karibu zote zinapata rangi yake kutoka oksidi hiyohiyo ya chuma. Usizichanganye kiganjani, maana unaipunguza nguvu kinga. Moja iende kwanza, nyingine juu yake. Tangu nianze hivyo, doa la shavu la kulia, lililokuwa na umbo la jani la mharagwe tangu nikiwa kazini, limepungua mpaka nusu, na kingo zake zimekuwa hazishikiki kwa macho.

Hapa Moshi kuna mafuta ya jua yanayoitwa Kilisun, yanayotengenezwa hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi inawaua wakiwa vijana. Hugawiwa bure kwao. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na mtu akikuuzia tyubu hiyo sokoni ujue imetoka mkononi mwa mtu anayeihitaji ili aishi. Usinunue.

Ukavu umemalizwa na vitu vya bei ndogo. Gliserini ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, juu yake mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu. Krimu za Sh 90,000 za "kulisha ngozi kwa kina" hazikuushinda mkono uliopakwa mafuta ya mgando. Ubuyu, nazi, liwa, vyote navipenda, vinanukia nyumbani kwetu, vinalainisha, ila havizuii jua.

Kitu cha mwisho ni mkorogo, na hapa nina hasira. Wanawake wa umri wangu wakitaka kuondoa madoa wanauziwa krimu za haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali kama klobetasoli, kwenye vikopo visivyo na hata anwani ya kiwanda. Vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini na bado vinapita. Wiki mbili uso unang'aa, kila mtu anakusifu. Steroidi inakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, yaani inafanya kwa miezi kile ambacho uzee ulihitaji miaka ishirini. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa bluu mashavuni ambao hautoki. Zebaki inakwenda kwenye figo. Kwa kipodozi usichokiamini, tangu 2019 wanaohusika ni TBS, shirika la viwango. Kwa dawa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na kama tayari unaitumia ya steroidi, usiiache ghafla, ngozi italipuka. Nenda kituo cha ngozi wakushushe taratibu.

Walioniuliza kuhusu vidutu vyeusi vya mashavuni: hakuna krimu wala kidonge kinachoviondoa, na wanaovichoma kwa dawa za kubandika mtaani wanaacha makovu makubwa kuliko vidutu vyenyewe. Havina madhara na mara nyingi ni vya ukoo. Daktari wa ngozi anaweza kuviunguza kwa umeme, kwa uangalifu, na hata hapo alama inaweza kubaki. Ila kidonda kisichopona, au doa linalobadilika umbo, hasa chini ya unyayo au ndani ya ukucha, hilo lipelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Mezani kwangu sasa zimebaki tyubu ya jua, fondesheni, chupa ya retinoli, gliserini na mafuta ya mgando. Mmeniuliza sana kuhusu niasinamidi, aina ya vitamini B3 ya kupaka. Ya asilimia 5 nimeianza mkono wa kushoto, na picha zikiwa na la kuonyesha nitaandika.